Mfuko wa zana wa MGB: nini kikae kwenye buti, nini kibaki gereji

Swali: Fundi, habari za kazi. Nina MGB ya wazi ya 1970, lile gari dogo la michezo la Kiingereza, injini yake ya asili ya cc 1,798, kabureta mbili za SU na rimu za spoki. Mwaka jana niliondoa pointi, vile vidude vinavyokata na kuunganisha umeme wa koili, nikafunga moduli ya elektroniki kwenye distribyuta, kile kinachogawa cheche kwa plagi. Sasa mimi na mke wangu tunataka kufanya safari ndefu ya siku kadhaa, na buti la gari hili unalijua. Rafiki yangu mwenye gari kama hili hutembea na pampu ya maji, alteneta, stata, gasketi ya silinda hedi na seti mbili za spana. Nikipakia vyote hivyo, nguo zetu zitabaki nyumbani. Nibebe nini hasa? Na nikikwama, naanzia wapi?

Jibu: Ndugu yangu, rafiki yako si mjinga, ana woga tu, na mwenye woga hupakia vitu vizito. Lakini iangalie tena orodha yake. Karibu kila alichobeba ni kitu ambacho hata akiwa nacho mkononi hatakifunga kando ya barabara. Stata ya MGB imejificha chini ya distribyuta, na boliti yake ya juu imewatoa jasho watu waliokuwa gereji, wenye taa nzuri na gari likiwa juu. Pampu ya maji inataka nafasi mbele ya injini. Wengi huishia kutoa rejeta kwanza, na ukishamaliza unahitaji maji ya kujaza mfumo mzima upya. Gasketi ya hedi ndiyo kichekesho. Hiyo ni kufungua hedi, kusafisha nyuso mbili bila kuzikwaruza, kisha kukaza nati kwa mpangilio wake na kwa spana ya kupimia nguvu. Nani atayafanya hayo upepo ukimpulizia mchanga huku malori yakimpita sentimita chache mgongoni?

Mimi kila kitu nakiuliza maswali mawili kabla hakijaingia kwenye mfuko. Kikifa, gari linasimama? Na je, naweza kukibadilisha nikiwa nimeinamia boneti, kwa zana nilizobeba, ndani ya nusu saa au karibu yake? Kisipojibu ndiyo mara zote mbili, kinabaki nyumbani. Alteneta inaanguka kwenye swali la kwanza kabisa: ikifa, gari linaendelea kwenda, na nitakueleza jinsi ya kulifikisha.

Kuna sharti la tatu, nalo kwangu ni kubwa kuliko hayo mawili. Kipuri kiwe kimeshafanya kazi kwenye gari lako. Vipuri vya kuwashia vya magari haya vinavyotengenezwa siku hizi vinatofautiana mno kwa ubora. Rota mpya, kile kizungukacho ndani ya distribyuta kikipeleka cheche kwa kila plagi, yenye ribiti ya chuma katikati inaweza kupasuka plastiki yake, umeme ukavujia kwenye shafti, na gari likazimika likiwa na rota isiyomaliza hata wiki. Kondensa mpya nayo inaweza kuwa imekufa tangu kwenye boksi. Ukibeba vya namna hiyo ukidhani una akiba, utabadilisha kibovu kwa kibovu, kisha utaanza kushuku vitu vizima. Kwa hiyo fanya hivi: nunua rota mpya, kifuniko kipya cha distribyuta, koili mpya, vifunge, endesha gari wiki mbili tatu. Vikitulia, vile vya zamani vilivyokuwa vikifanya kazi vizuri ndivyo vinaingia kwenye mfuko. Ndiyo, cha zamani ndicho akiba. Unakijua tabia.

Sasa tuanze na umeme wa kuwashia, kwa sababu kama gari lako litakusimamisha, hapo ndipo penye uwezekano mkubwa, na kwa bahati hapo ndipo pepesi kurekebisha. Hii moduli yako ya elektroniki ni kitu kizuri. Haichakai kama pointi, haitaki kurekebishwa kila mara. Ila ina kasoro moja: haiugui, inakufa. Pointi zikichoka zitakuonya kwa injini kukohoa na kukosa nguvu siku kadhaa kabla; moduli inakata ghafla, na huwezi kuitengeneza. Ndiyo maana nasema ile sahani ya pointi uliyoiondoa mwaka jana, pamoja na kondensa yake, ndiyo kipuri chako namba moja. Kama uliitupa, tafuta nyingine. Ifunge kwenye gari Jumamosi moja, weka pengo la milimita 0.35 hadi 0.40, hakikisha injini inawaka na kutulia, halafu itoe ikiwa vivyo hivyo na kuihifadhi kwenye kopo dogo lisiloruhusu vumbi, na skrubu zake zikiwa humo humo.

Hiyo kazi ya kubadilisha nakusihi uifanye nyumbani angalau mara moja, kwa sababu kuna mitego midogo ambayo kitabu hakiielezi vya kutosha. Wa kwanza ni skrubu. Ile inayoshikilia pointi ni fupi, na ikikuponyoka hudumbukia ndani ya distribyuta, chini ya sahani, mahali ambapo kidole hakifiki. Paka grisi kidogo kwenye ncha ya bisibisi. Skrubu itanasa na kukaa hapo hadi imeshika uzi. Wakati huohuo ziba nafasi inayoizunguka distribyuta kwa kitambaa, maana ikiangukia nje itaelekea kwenye stata na hutaiona tena. Mtego wa pili ni waya. Waya wa kondensa na ule unaotoka kwenye koili vyote viguse springi ya pointi, lakini visiguse nguzo wala sahani. Kuna kizuizi kidogo cha plastiki hapo, na ukikisahau cheche hazitakuja hata ufanyeje. Mtego wa tatu ni kupima pengo mahali pasipo sahihi. Pengo hupimwa kisigino cha pointi kikiwa juu kabisa ya kona ya shafti. Tia gia ya nne, sukuma gari taratibu huku mtu akiangalia ndani ya distribyuta, simama pale pointi zinapokuwa wazi zaidi, kisha pima. Ukipoteza kipimo cha pengo, kadi ya jina iliyo ngumu kiasi ina unene unaokaribia huo na itakufikisha.

Pamoja na hiyo sahani weka rota, kifuniko cha distribyuta, koili, waya mmoja mrefu wa plagi unaoweza kufika silinda yoyote, na plagi moja. Moja tu, yenye pengo la milimita 0.64. Plagi nne hazifi kwa pamoja, na hiyo moja ina kazi nyingine ya kupimia cheche. Andika pia kwa kalamu ya wino mzito ndani ya boneti: 1-3-4-2, rota huzunguka kinyume cha saa. Mtu aliyechoka, akiwa juani, husahau hata jina lake.

Baada ya hapo ni mkanda wa feni. Kwenye gari lako mkanda mmoja unazungusha feni, pampu ya maji na alteneta, kwa hiyo ukikatika taa nyekundu ya chaji inawaka papo hapo. Taa hiyo ikiwaka ukiwa mwendoni usiseme utaangalia mbele ya safari. Kama ni mkanda, maji yamesimama na injini itachemka ndani ya kilomita chache. Simama, fungua boneti. Mkanda upo? Basi ni chaji tu, na hilo si la kukulaza njiani: zima kila kinachokula umeme, endesha mchana, usizime injini bila sababu. Koili na pampu ya petroli kwa pamoja havili zaidi ya ampea chache, na betri nzima inaweza kuvilisha kwa saa kadhaa. Mkanda haupo? Funga ule wa akiba. Unahitaji spana mbili za nusu inchi na kitu cha kusukumia alteneta, mpini wa nyundo unatosha. Kaza hadi ukibonyeza katikati ya sehemu yake ndefu zaidi uingie kama milimita 13. Ile hadithi ya kufunga soksi ndefu za mama badala ya mkanda iache kwenye hadithi. Kwenye puli hizi haishiki.

Petroli. Pampu ya SU iko nyuma, upande wa kulia, na ina pointi zake ndani. Ukifungua swichi bila kuwasha injini unatakiwa kuisikia ikigonga tik-tik-tik kwa haraka, kisha ikipunguza na kunyamaza kabureta zinapojaa. Jizoeze kuisikiliza kila asubuhi, sekunde tano tu, maana siku ikinyamaza kabisa tangu mwanzo utajua bila kufungua kitu. Gonga mwili wake kwa mpini wa bisibisi. Mara nyingi itaamka na itakufikisha, lakini hilo ni onyo. Ukirudi isafishe pointi au uibadilishe. Ikigonga bila kukoma, ama tangi ni tupu, ama hewa inaingia mahali, ama petroli inavuja, na hilo la mwisho lishughulikie kwa pua kwanza kabla ya macho. Pampu ya akiba mimi siibebi kwa safari za kawaida. Nabeba mita moja ya mpira wa petroli, klipu nne na chujio dogo. Mpira uwe wa aina ya kisasa inayostahimili ethanoli, ule unaoandikwa R9, kwa sababu petroli yenye ethanoli huila mipira ya zamani kutoka ndani. Nje utauona mzima, ndani unabanduka vipande vinavyokwenda kuziba kabureta. Kama mipira ya gari lako hujui umri wake, usiibebee akiba. Ibadilishe yote kabla ya kuondoka.

Kabureta zenyewe hazina makuu. Ikitokea petroli inamwagika kwenye mojawapo, basi uchafu umekwama kwenye vali ya boya. Gonga bakuli lake kidogo kwa mpini wa bisibisi, na isipokubali, fungua kifuniko chake na uipulize. Lakini kwanza injini ipoe na kizima moto kiwe karibu na mkono. Kizima moto cha unga cha kilo moja au mbili ni lazima, na kifungwe ndani ya gari unapoweza kukifikia ukiwa umekaa. Kikiwa kwenye buti, chini ya mabegi, ni sawa na kuwa nyumbani.

Maji: beba lita mbili, klipu mbili za saizi za mipira yako, na ule utepe wa silikoni unaojishika wenyewe bila gundi. Mpira ukipasuka ufunge kwa kuuvuta hadi uwe karibu mara mbili ya urefu wake, raundi juu ya raundi, halafu legeza kifuniko cha rejeta hatua ya kwanza ili mfumo usijenge presha. Bila presha maji yatachemka mapema zaidi, kwa hiyo nenda polepole. Na kifuniko usikiguse injini ikiwa ya moto, hata kama una haraka ya namna gani. Kingine cha kubeba ni kipande kifupi cha mpira wa hita. Vali ya hita ya magari haya hupenda kuvuja, na ikivuja unaunganisha njia ya kwenda na ya kurudi kwa kipande hicho, hita inatoka kwenye mfumo, na safari inaendelea.

Oili lita moja, 20W-50 au unayotumia. Chupa ndogo ya mafuta ya breki ambayo haijafunguliwa, DOT 4. Hiyo ni kwa ajili ya klachi zaidi kuliko breki: silinda ndogo ya klachi ikianza kuvuja, unajaza, unapampu pedali, unaondoka. Ikikataa kabisa, tia gia ya kwanza injini ikiwa imezimwa, piga stata, gari litaondoka lenyewe kwa kuruka ruka, na gia nyingine utazipata kwa kulinganisha mwendo wa injini na wa gari. Breki zikivuja ni habari nyingine. Hapo hapana kujaza wala kujaribu, gari linabebwa.

Kebo ya ekselereta ni nyepesi, ipo, inakatika bila taarifa, na inakaa kwenye bahasha. Ibebe.

Nyaya za Lucas, kampuni iliyotengeneza vifaa vya umeme vya magari haya, zinasemwa vibaya kuliko zinavyostahili. Zina utaratibu mzuri wa rangi ambao ukiujua unapata njia haraka. Kahawia ni umeme wa moja kwa moja kutoka betri. Nyeupe ni ule unaokuja ukifungua swichi. Kijani ni huo wa swichi baada ya kupita kwenye fyuzi, zambarau ni wa moja kwa moja baada ya fyuzi, nyeusi ni ya ardhi. La kukumbuka ni kwamba koili na pampu ya petroli vinalishwa na nyeupe, na nyeupe haipiti kwenye fyuzi. Gari likizimika usipoteze muda kubadilisha fyuzi ukitarajia cheche zirudi. Fyuzi zenyewe zina mtego: zile za Lucas zilizoandikwa 35 A zinakatika kwenye 35, lakini mzigo wake wa kawaida ni 17 tu. Fyuzi nyingi za kisasa hutajwa kwa mzigo wa kawaida. Ukichomeka ya kisasa ya 35 mahali pa ile, waya utaungua kabla ya fyuzi. Nunua zilizo sahihi, beba nne, basi.

Na hapa kuna kifaa nisichoweza kusafiri bila hicho: waya mmoja wa urefu wa mita tatu, mnene kiasi, wenye kibano cha mamba kila upande na kishikizo cha fyuzi ya ampea 10 katikati. Swichi ya kuwashia ikifa, au waya mweupe ukikatika mahali usipopaona, unabana upande mmoja kwenye kahawia pale kwenye kisanduku cha fyuzi na mwingine kwenye upande chanya wa koili. Koili imepata umeme. Kwa kuwa nyaya nyeupe zimeungana, mara nyingi na pampu ya nyuma itaanza kugonga hapo hapo. Isipogonga, basi waya wa kwenda nyuma ndio wenye tatizo. Kumbuka tu kwamba gari likiwa hivyo halizimwi kwa ufunguo, linazimwa kwa kuondoa kibano. Kwa gari lililotengenezwa kabla ya mwisho wa 1967 nguzo chanya ya betri ndiyo iliyofungwa kwenye bodi, kwa hiyo wenye hayo wasiige hili bila kufikiri. Lako la 1970 ni hasi kwenye bodi kama magari ya leo.

Mahali pa betri nako panahitaji mpango. Ziko mbili za volti 6, chini ya sakafu nyuma ya viti, na watu wote hupanga mabegi juu ya hapo. Ukitaka kukaza nguzo iliyolegea utashusha mabegi yote barabarani. Kaza na kusafisha nguzo zote kabla ya safari, pamoja na ile kebo inayounganisha betri mbili. Gari ambalo stata yake inafanya klik na kunyamaza mara nyingi linalalamikia nguzo, si stata.

Sasa zana. Boliti zako ni za inchi, na hizi ndizo utakazotumia: 7/16, 1/2, 9/16. Ya nusu inchi ibebe mbili, kwa sababu ndiyo iliyo kila mahali na mara nyingi moja inashika huku nyingine ikifungua. Ya milimita 13 itaingia kwenye nusu inchi kwa sababu nusu inchi ni 12.7, ila ina ulegevu. Kwenye nati iliyoganda itazikata kona. 9/16 ni milimita 14.29 na 14 haiingii kabisa. Kwa hiyo ile seti ya milimita iache. Ongeza soketi ya plagi, mkono wake na kiunganishi, bisibisi mbili bapa, moja kubwa na moja fupi, bisibisi moja ya nyota, koleo lenye ncha ndefu, koleo la kubana na kujifunga, kisu, na spana malaya moja kwa yale yasiyotabirika. Testa ya balbu yenye kibano ni bora kuliko mita kwa kutafuta umeme ulikokatikia, kwa sababu balbu inavuta mzigo kidogo na haidanganywi na waya ulioshikwa na uzi mmoja. Mita ndogo ibebe kwa jambo moja: injini ikiwa imezimwa usome takriban 12.6, ikiwa inazunguka usome kati ya 13.8 na 14.4. Chini ya hapo chaji haipo.

Kwa magurudumu ya spoki unahitaji nyundo ya shaba au risasi, na kama nati zako ni zile zenye pembe nane badala ya masikio, kibano chake maalumu pia. Upande mmoja wa gari hufunguka kinyume na mwingine. Nati zimechorwa mshale, usome kabla ya kupiga. Matairi haya kwa kawaida yana tyubu ndani, kwa hiyo vile vifaa vya kuziba pancha kwa kamba ya mpira havitakusaidia. Tairi la akiba ndilo tegemeo lako. Lipime presha, kisha soma tarakimu nne za mwisho kwenye ule msimbo wa DOT ubavuni: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Nimeona matairi ya akiba yenye meno mazima yaliyokuwa magumu kama sahani kwa uzee. Na jaribu jeki yako chini ya gari tairi likiwa halina upepo. Gari hili liko chini. Kuna jeki zinazoingia vizuri gari likiwa zima na kukataa kabisa likiwa na pancha. Beba na kipande cha ubao cha kuwekea chini yake.

Vyote hivi visiwe kwenye sanduku la chuma. Shona au nunua mkunjo wa turubai wenye mifuko, spana zikae humo, ukunje na uukaze kwa mkanda ndani ya tairi la akiba, pale kwenye nafasi ya rimu. Vipuri viingie kwenye mfuko laini wa pili ubavuni mwake. Gari la wazi halina kitu cha kuzuia chuma kinachoruka ukifunga breki kwa ghafla, kwa hiyo nyuma ya viti pasikae zana hata moja.

Ukikwama, sasa. Kwanza toka barabarani kabisa kama gari bado linabingirika. Tumia kasi iliyobaki, usipoteze muda kujaribu kuliwasha likiwa mwendoni. Fulana ya kuakisi mwanga ivaliwe kabla ya kufungua boneti. Pembetatu iwekwe mbali nyuma: gari la kilomita 80 kwa saa linakula mita 22 kila sekunde, kwa hiyo ikiwa hatua chache tu kutoka kwenye bampa haimwonyi mtu. Mama asimame nje ya barabara, si ndani ya gari.

Kisha ukumbuke lilivyokufa. Lilikata ghafla, kama mtu aliyezima swichi? Anza na umeme. Lilikohoa, likapungua, likajivuta, likafa? Anza na petroli. Lilikata ghafla, ukasubiri robo saa likawaka, kisha likakata tena? Shuku koili, hukata ikipata joto na kurudi ikipoa. Au petroli inayogeuka mvuke kwenye mipira iliyo karibu na ekzosi siku ya joto kali.

Kwa umeme, toa waya wa plagi moja, chomeka ile plagi ya akiba, laza chuma chake kwenye injini, mwombe mama apige stata. Cheche ya buluu ikiruka, umeme upo, nenda kwenye petroli. Ikikosekana, weka testa kwenye upande chanya wa koili swichi ikiwa wazi. Balbu haiwaki: tatizo liko kabla ya koili, leta ule waya wa mamba. Balbu inawaka: badilisha rota, jaribu. Kisha koili, jaribu. Kisha toa moduli, rudisha pointi. Kitu kimoja kwa wakati mmoja, na kila kilichotolewa kikiwa kizima kirudi mahali pake kabla ya kingine kuguswa. Na swichi isikae wazi bila injini kuzunguka huku ukifikiri. Moduli nyingi na koili huungua kwa mtindo huo.

Wenzako wenye Caterham au Morgan za karibuni, zenye sura ya zamani na injini ya kisasa yenye sindano za petroli, orodha yao ni fupi zaidi: fyuzi, relei moja ya ziada, kisomeo kidogo cha hitilafu cha kuchomeka, na namba ya gari la kubebea. Kwenye injini hizo kukisia hakusaidii.

Nawe namba hiyo uwe nayo. Ukiipiga, sema wazi kwamba gari ni la chini na lina magurudumu ya spoki. Omba lenye kitanda bapa na njia ndefu ya kupandia, kipande chako cha ubao kitasaidia pale pembe inapokuwa kali. Simama pale wakati wa kufunga. Mikanda isipitishwe kati ya spoki, ifungwe juu ya tairi lenyewe, na gari liachwe kwenye hand breki na gia ya kwanza.